Waya ya Geti

Ilikuwa Jumatano ya pili ya Aprili, saa kumi kasorobo hivi, na mvua ilikuwa imeshika Kilimani ile ya kufanya usisikie mtu aliye mbele yako. Nilikuwa jikoni ofisini nangoja maji ya chai yachemke. Nikaona mwanga, na kabla sijapepesa macho mlio ukafika, mkavu, wa kupasuka, si ile ngurumo ya kujivuta. Hapakuwa na nafasi ya kuhesabu hata moja. Simu ya mapokezi ilikuwa inalia wakati huo. Ikanyamaza katikati ya mlio.

Nikakimbia. Nikapita mapokezi bila kuongea na mtu, nikaingia chumba cha mafaili, nikafungua kabati ya mashine ya simu na harufu ikanipokea kabla ya macho, ile ya plastiki iliyoungua ikiwa na kitu kama samaki ndani yake. Taa za mashine zote zimezima. Ile ekstensheni ya saji protekta, ya kulinda vitu volti ikiruka ghafla, niliyonunua mwenyewe mjini, Luthuli, taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Imeenda tena," nikasema kwa sauti.

Tukaanza kuchomoa vitu. Nikapigia fundi, nikapigia bosi akiwa kortini hakushika, nikapigia watu wa intaneti. Zikapita dakika kumi na tano, labda ishirini, ndio dada wa mapokezi akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza nikiwa bado jikoni.

"Lakini ile simu iliyokuwa inalia ilikuwa inatoka wapi?"

Ilikuwa inatoka geti.

Mzee wetu wa geti tulimkuta ameketi kwa kiti chake cha plastiki, kiganja kimefunika sikio la kushoto, mkonga wa simu unaning'inia karibu na sakafu. Alikuwa ameinua simu kutuambia kuna mgeni. Akaniangalia, akasema polepole, "Madam, hii kitu imenipiga kofi."

Dakika ishirini. Na mimi nilikuwa nimeenda kuangalia mashine.

Simu za waya, mwaka huu?

Najua kuna mtu ashauliza. Ofisi yetu ni ya mawakili, iko kwa moja ya zile nyumba za zamani za Kilimani ambazo bado hazijabomolewa zigeuzwe apatimenti, paa la vigae, bustani mbele, na geti liko mbali na nyumba, mita kama 60. Kesi nyingi ni za mirathi na mashamba. Wateja wengi ni wazee na namba waliyonayo ni ile iliyokuwa kwa barua ya kwanza waliyoandikiwa miaka hiyo, ile ya kuanza na 020, na ndiyo wamewaandikia watoto wao kwa daftari. Namba yenyewe siku hizi inaingia kwa faiba, lakini ndani ya nyumba bado kuna ile mashine ya kugawa simu, PABX, na simu 8 za mezani zenye waya. Saba ziko ndani. Ya nane iko geti.

Mara ya kwanza mashine iliungua Novemba, mvua za vuli, na tulikaa siku nne bila simu. Mama mmoja alipiga kutoka Othaya, akapiga, akapiga, akaona basi hawa watu wamefunga ofisi wakaenda na karatasi za shamba la marehemu mzee wake, akapanda matatu alfajiri mpaka Nairobi. Alifika amelowa mpaka leso ya kichwa. Hakutugombeza hata kidogo, alikaa tu pale mapokezi akasema, "Asante Mungu mko."

Nikaamua siku hiyo hii mashine haitaungua tena nikiwa hapa.

Novemba niliamua adui ni stima

Mimi sijasomea mambo ya umeme, kazi yangu ni kuhakikisha ofisi inafunguka na inafanya kazi. Lakini kila mtu Nairobi amefundishwa na stima kwa kuumizwa nayo. Zamani tulikuwa tunaishi Donholm na usiku mmoja nyutro, ile waya ya kurudisha umeme, ilikatika huko kwa nguzo, balbu zikawaka nyeupe kupita kiasi halafu zikapasuka moja baada ya nyingine, fridge ya jirani ikafa, redio yetu ikafa. Nyutro ikikatika, ile volti 240 yako inaweza kupanda kuelekea 415, na haipandi ikashuka mara moja, inakaa huko juu mpaka kitu kiungue au mtu akimbilie meni swichi. Sasa mtu aliyeona hiyo, ukimwambia mashine imeungua, macho yake yanaenda kwa plagi. Yangu yalienda hapo na hayakutoka.

Fundi tuliyemwita alikubaliana nami. Akabadilisha bodi, akaweka UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, nikaongeza ile saji protekta. Akaniambia pia mashine inataka ardhi yake peke yake, yaani njia ya kumwaga umeme wa hatari kwa udongo, isitegemee ile ya nyumba ambayo ni ya zamani na hakuna anayejua iko hali gani. Ilisikika kama busara. Tukapigilia fimbo ya kopa ya mita 1.2 nje ya dirisha la chumba cha mafaili, kwa ule udongo mwekundu, na waya ya kijani na njano ikaingia ndani mpaka kwa kabati. Waya ilikuwa ndefu kuliko safari yake. Ile iliyobaki niliizungusha mwenyewe duara safi, nikaifunga na zile kamba za plastiki, ikakaa nadhifu, nikapiga picha nikamtumia bosi.

Picha hiyo bado iko kwa simu yangu.

Vitu viwili vinavyouzwa kwa rafu moja

Baada ya Aprili nilianza kusoma usiku, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba nilikuwa nachanganya shida mbili maisha yangu yote. Na sidhani ni mimi peke yangu, kwa sababu dukani vinapangwa pamoja na ukiuliza unaambiwa vyote ni vya kulinda.

Ile guard ya fridge au ya TV kazi yake ni kupima volti na kukata ikipanda sana au ikishuka sana, halafu inangoja dakika chache kabla ya kurudisha, ndio maana fridge yako haiwaki mara tu stima imerudi. Ni kitu kizuri na hiyo ya Donholm ingetuokoa. Lakini ndani yake kinachokata ni kiswichi kinachosogea, na kitu kinachosogea kinahitaji sehemu kadhaa za elfu za sekunde. Radi inafika kileleni mwake ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde. Guard inapoanza kusogea, radi ishamaliza ilichokuja kufanya.

Saji protekta ndiyo ya hiyo kasi. Ndani ina vipande vinavyoitwa varista, vimetengenezwa na oksaidi ya zinki, na volti ikiruka ghafla vinafungua njia na kuumwaga ule mzigo pembeni usifike kwa mashine. Lakini kila kipigo kinavichosha, havirudi kuwa vipya, na ukiviachia ile volti ya juu ya nyutro iliyokatika kwa dakika nzima vinachemka na vinaweza kushika moto. Kwa hivyo guard haifanyi kazi ya saji, na saji haifanyi kazi ya guard. Unahitaji zote. Na taa ya kijani inakuambia kile kipande cha ndani bado kizima, basi. Haikuambii mzigo utamwagwa wapi, wala haikuambii kama kuna mlango mwingine ambao wewe hujaufikiria.

Waya mbili za nyanya

Nimekulia Kisii. Aliyekulia huko anajua radi kwa jina lake, ule upande wote kuanzia Ziwa Victoria kupanda milimani ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na kila kijiji kina hadithi ya ng'ombe chini ya mti au ya darasa. Nyanya yangu mawingu yakianza kujikusanya alikuwa na ratiba yake. Anafunika kioo na kitambaa. Anatuvua chochote chekundu. Halafu anaenda kwa ile TV ndogo ya betri ya gari, anachomoa waya ya betri, anachomoa na waya ya antena, na ile ya antena hakuiacha sakafuni, alikuwa anaitupa nje ya dirisha kabisa.

Kioo na nguo nyekundu siku hizi najua havina kosa. Kwa miaka mingi nilipokuwa nawasimulia watu nilikuwa nasimulia hivyo viwili, tunacheka. Hiyo ya waya nilikuwa naipita.

Alikuwa anachomoa mbili. Hakuwahi kuamini kwamba ukitoa ya betri umemaliza.

Nilikumbuka hiyo saa nane usiku, wiki mbili baada ya mzee kupigwa, nikakaa kitandani. Betri ya nyanya haikuwa hata na uhusiano na nguzo ya stima. Yeye alikuwa anaogopa antena. Anaogopa ile waya inayotoka nje.

Sasa kwetu ofisini, ni waya gani inatoka nje?

Katoni

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Bodi ya Novemba sikuitupa, fundi aliniambia inaweza kusaidia kwa vipuri, ilikuwa kwa katoni juu ya kabati ya mafaili imefunikwa na kalenda za mwaka jana. Nikaitoa nikaipeleka dirishani.

Upande wa stima ulikuwa safi. Nilitarajia hapo ndio pawe peusi, na palikuwa safi kabisa, hata fyuzi haikukatika. Weusi ulikuwa mwisho wa bodi, kwa safu ya soketi ndogo za simu. Zimeandikwa namba. 1 safi, 2 safi, nikaenda hivyo na kidole, 7 ina moshi kidogo, na 8 hakuna soketi, kuna shimo na kopa iliyoyeyuka ikakauka kama tone la nta.

Nane ni geti.

Nikaenda kwa bodi ya Aprili, ambayo ilikuwa bado inangoja fundi. Nane pia.

Nilikaa chini. Jibu lilikuwa kwa katoni kuanzia Novemba, miezi mitano, juu ya kabati ninayofungua kila siku, na mtu yeyote angeweza kulisoma, halihitaji digrii, ni namba imeandikwa. Hatukuangalia kwa sababu tulikuwa tushaamua. Na mzee alikuwa kwa hiyo waya muda wote huo, anainua na kuweka, anainua na kuweka, asubuhi mpaka jioni.

Mguu mmoja kwa matatu

Rafiki wa bosi alitupatia namba ya fundi mkongwe, mzee aliyefanya kazi ya laini za simu enzi za lile shirika la posta na simu kabla halijagawanywa mwaka 1999. Alikuja na begi la ngozi na kofia. Hakufungua kabati. Aliuliza, "Simu ya geti inapita wapi?" na akaenda akafuata waya kwa miguu kuanzia kibandani, kando ya ua, juu ya mkono wa ule mjakaranda, ikaingia ndani kwa dirisha la choo cha wageni. Mimi nafanya kazi hapo miaka 6 na sikuwahi kuifuata.

Nikamwambia tuna faiba, nilifikiri faiba haileti radi. Akasema hapo uko sawa, kioo hakibebi umeme, na hata alienda akaangalia ile waya ya chuma inayobeba faiba angani kama imeingia ndani, akakuta imeishia kwa ndoano nje ya ukuta, akaridhika. "Mlango wa mbele umefunga vizuri," akaniambia. "Huu wa nyuma uliujenga wewe mwenyewe ndani ya kiwanja chako."

Nilidhani radi lazima igonge waya. Akaniambia hapana, ikigonga waya yenyewe haungekuwa na nyumba ya kuongelea. Radi ya kawaida inashuka na ampia kama 30,000. Ikianguka kwa mti wa jirani, au kwa plot ya nyuma, huo mzigo unaingia kwa udongo na udongo unakataa kuupitisha haraka, kwa hivyo volti ya ardhi pale inapanda kupita ardhi ya hatua chache mbele. Kwa hiyo sekunde ndogo kabisa, ardhi ya geti na ardhi ya nyumba si kitu kimoja. Na wewe umezifunga pamoja na uzi wa kopa wa mita 60. Hata bila hilo, waya ndefu namna hiyo ikiwa karibu na radi inavuna volti yake yenyewe hewani.

Nikamwonyesha fimbo yangu. Kwa fahari kidogo, nakiri, kwa sababu bado sikuwa nimeelewa.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Binti yangu, ukiwa ndani ya matatu na matatu ipande tuta, unaumia?"

Nikasema hapana, tunapanda wote.

"Na ukiwa na mguu mmoja ndani na mwingine kwa lami?"

Akanielezea akichora kwa vumbi la dirisha. Ardhi si shimo linalomeza kila kitu. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 20, jambo la kawaida, na tuseme sehemu ndogo tu ya radi, ampia 1,000, imepita hapo. Ishirini mara elfu moja, volti 20,000, na hiyo ndiyo fimbo ikiwa inafanya kazi yake. Stima ya nyumba ina ardhi yake upande wa mbele, kwa mita ya stima. Mimi nikaipa mashine ardhi nyingine upande wa nyuma. Radi ikija, ardhi moja inapanda kuliko nyingine, na kitu pekee kinachoziunganisha ni mashine. Mguu mmoja kwa matatu, mwingine kwa lami.

"Fimbo si mbaya," akasema. "Upweke wake ndio mbaya. Ifunge na ile nyingine kwa waya nene, zipande na kushuka pamoja."

Halafu akaona lile duara langu. Hakusema kitu, alitoa koleo akalikata. Baadaye nikauliza. Akasema kwa stima ya kawaida waya ni waya, lakini radi inapanda haraka mno na kila mita ya waya inaipinga, inaweza kuongeza kama volti 1,000 kwa mita hata ikiwa imenyooka, na ukiizungusha duara unaongeza zaidi. Waya ya ardhi inatakiwa fupi, nene, imenyooka, na ile ya kifaa cha kuzuia saji isizidi nusu mita. Nilikuwa nimefunga mita 3 kwa unadhifu.

Sikio

Mzee tulimpeleka kliniki siku ileile jioni. Ngoma ya sikio haikupasuka. Alisikia mlio kama wa nyenje kwa siku tisa, najua ni tisa kwa sababu nilikuwa namuuliza kila asubuhi na mwishowe akawa ananiambia kabla sijauliza. Fundi mkongwe alisema inaweza kuwa ulikuwa mpasuko wa sauti kutoka kwa mkonga, inaweza kuwa cheche yenyewe, ameona yote mawili katika kazi yake, na ameona mabaya kuliko hayo. Miguu ya mzee ilikuwa kwa simiti iliyolowa, na simiti hiyo ni ardhi ya geti. Sikio lake lilikuwa kwa waya inayojua ardhi ya nyumba.

Hapo ndipo usingizi ulinitoka kabisa. Ile mashine nilikuwa nimeinunulia UPS, saji, fimbo, kabati lenye kufuli. Kwa upande wa pili wa waya hiyohiyo nilikuwa nimeweka mtu, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza waya inaishia kwa nani. Nilikuwa najua inaanzia wapi.

Nikamuuliza mzee kama Novemba alisikia chochote. Akasema ndiyo, simu ilitoa cheche, lakini hakuwa ameishika, alikuwa anafungulia gari. Nikamuuliza mbona hukusema.

"Nilisema, madam. Nilimwambia fundi."

Sijui nifanye nini na hilo jibu. Nimekaa nalo wiki saba. Fundi hakuniambia, au aliniambia nikiwa naongea kwa simu, au alisema "geti pia ilishtuka kidogo" na mimi nikasikia kidogo.

Kukata au kulinda

Fundi mkongwe alitupatia njia mbili. Ya kwanza ni kuilinda waya. Kila mwisho kunawekwa vidude vidogo vya kauri vyenye gesi ndani. Laini ya simu ikiwa kimya ina volti kama 48, ikilia inafika kama 90, na hivyo vidude vinalala tu. Volti ikipita kama 230 gesi inafunguka kuwa njia, mzigo unashuka ardhini, halafu vinalala tena. Ni teknolojia ya zamani na imelinda laini za simu miaka na miaka. Lakini vinataka ardhi nzuri pale nyumbani na nyingine pale geti, na hizo ardhi mbili nazo zifungwe pamoja kwa kopa nene ndani ya mtaro wa mita 60, la sivyo tumerudi kwa matatu. Na waya itoke kwa mjakaranda iende chini.

Bosi akasema mpe mzee simu ya mkononi tumalizane.

Mimi nilisita, na nitasema kwa nini. Simu ya geti ni ya ofisi, haina mwenyewe, yule wa usiku anaikuta pale, yule wa Jumapili anaikuta, hakuna aliyeondoka nayo wala mwenye chaji imeisha. Mzee haoni vizuri kwa zile skrini ndogo. Na nilikuwa nimeshikwa na kiburi cha kutaka kuitengeneza ile waya vizuri, baada ya kuifanya vibaya. Nilitaka ule mtaro uchimbwe.

Nikamuuliza fundi, "Tukiweka vyote hivyo, mtu aliyeshika simu radi ikipiga karibu, uko na uhakika naye?"

Akafikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria kabla ya kujibu. "Mashine yako nina uhakika nayo sana. Yeye, itapunguza. Itapunguza sana. Lakini kukuapia siwezi."

Tukaikata.

Ilichukua koleo na dakika moja. Alivuta waya kutoka kwa mti ikashuka na majani. Mahali pake tukanunua ile simu ya mezani ya kutumia laini ya sim kadi, ina vitufe vikubwa na mkonga wa kawaida, ina betri ndani yake, mvua ikianza unachomoa chaja na inakuwa haijafungwa na kitu chochote duniani. Geti likabaki bila waya ya simu kabisa.

Ndani ya nyumba tulifanya yaliyobaki. Fimbo ya nyuma imefungwa na ya mbele kwa kopa nene. Kwa bodi ya meni tumeweka kile kifaa cha kuzuia saji cha nyumba nzima, waya zake fupi, na chini yake ndio sasa saji ndogo na UPS zina maana, zinapokea mabaki. Mashine ilihamishwa kutoka chumba cha mafaili ikaja ukuta wa mbele, ili stima, intaneti na simu zote ziingie sehemu moja na zishike ardhi moja. Hiyo ndiyo ilituchukua wikendi nzima na mafaili yalipata vumbi, lakini fundi alikataa kabisa kuiacha nyuma.

Na zile simu saba zenye waya, tumekubaliana. Ukiona mwanga unahesabu. Sauti inatembea kilomita moja kwa kama sekunde 3, kwa hivyo ngurumo ikifika kabla ya 30 radi iko chini ya kilomita 10 kutoka kwako, unaweka mkonga chini, unasogea, na namba ya ofisi tunaielekeza kwa simu ya mkononi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwanzoni wakili mmoja aliona ni kuchelewesha kazi. Nilimwomba aende aongee na mzee dakika tano. Alirudi akakata simu yake mwenyewe bila kuambiwa.

Mei

Mvua ya mwisho kubwa ilikuja mwezi uliopita, jioni tena, na upepo. Nilikuwa mapokezi. Mwanga ukapita kwa vigae, nikaanza, moja, mbili, nikafika kumi na nne. Dada wa mapokezi alikuwa anahesabu pia, midomo inasogea. Taa za mashine zilibaki zote.

Simu ya mkononi ya ofisi ikalia. Nikaishika.

"Madam, kuna mgeni hapa, yule mama wa Othaya. Nimempatia mwavuli."

"Asante mzee. Umechomoa chaja?"

"Kitambo."

Nilisogea dirishani. Alikuwa amesimama kwa mlango wa kibanda, simu ameishika kwa mkono wa kulia, sikio la kulia. Alikuwa anatumia la kushoto siku zote, ili mkono wa kulia ubaki wa kufungua geti. La kushoto bado hajalirudia.